Damu ya Mwalimu Nzioka na Kipimo Kilichomkosa

Swali ambalo vijana wa maabara huniuliza mara nyingi, wakijua nimestaafu na nina muda wa kujibu, ni hili: kipimo kikisema mtu hana ugonjwa, si mambo yamekwisha? Huwa nacheka kidogo. Kisha huwapa habari za Mwalimu Nzioka wa Kivaa, na za Madam Syombua, mwanamke aliyenifundisha kazi hii mara ya pili baada ya chuo kunifundisha mara ya kwanza. Leo nimeona niziandike, maana nikisimulia kwa mdomo huanzia katikati na wasikilizaji hupotea.

Mimi naitwa Kioko. Nilifanya kazi ya maabara ya hospitali hapa Machakos tangu nikiwa na nywele nyingi hadi nikabaki na kofia. Nilipofika, Madam Syombua ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha damu. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi ili isidondoke kwenye darubini, na hakupenda maneno mengi. Saa ya chakula alikula muthokoi wake, yale mahindi ya kukobolewa, upesi, akatoa kiondo, kikapu cha mkonge alichokuwa anasuka, na kwa nusu saa vidole vyake vikaenda bila yeye kuvitazama. Sikuwahi kumwona akikimbia. Sikuwahi pia kumwona akichelewa.

Katikati ya miaka ya tisini tulipata kwa mara ya kwanza vipimo vya homa ya ini aina ya C. Kabla ya hapo damu ya kuongezewa wagonjwa tuliipima virusi vya ukimwi, kaswende na homa ya ini aina ya B, basi. Aina ya C tuliijua kwa jina tu. Boksi zilikuja kama msaada, nazo zilikuwa za mtindo wa kale. Baadaye tuligundua kwamba kwingineko walikuwa wamekwisha kuuacha. Kwetu zilikuwa mpya, tukazipokea kwa furaha.

Nitawaeleza kipimo chenyewe kwa ufupi, maana bila hicho hamtaelewa yaliyotokea. Ni sahani ya plastiki yenye visima vidogo kama vitobo vya sahani ya kuokea. Ndani ya kila kisima watengenezaji wamebandika vipande vya kirusi, vipande tu, visivyoweza kumdhuru mtu. Unatia maji ya damu ya mchangiaji. Kama mwili wake umewahi kupigana na kirusi hicho, damu yake ina kingamwili, yaani askari waliofundishwa kumtambua adui huyo mmoja, na hao hunasa kwenye vile vipande. Unaosha. Unatia dawa ya pili, unaosha tena, unatia dawa ya rangi. Kisima chenye kingamwili hugeuka manjano, kisicho nazo hubaki kama maji. Mashine inasoma rangi na kutoa namba. Ikivuka mpaka uliowekwa, unaandika "ipo." Isipofika, unaandika "haipo."

Rahisi, sivyo? Sahani yangu ya kwanza ilitoka manjano yote, kutoka kona hadi kona. Nilimwendea Madam Syombua, nikamwambia Machakos imekwisha, kila mtu ana homa ya ini. Aliichukua ile sahani, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha kisima cha mwisho.

"Na hiki umetia damu ya nani?"

Nikamwambia hicho hakina damu, ni maji matupu ya kulinganishia.

"Kwa hivyo hata maji yako na ugonjwa," akasema, akanirudishia sahani yangu.

Nilikuwa nimeosha vibaya. Alinisimamisha kwenye sinki asubuhi nzima nikijaza visima, nikisubiri, nikimwaga, nikigonga sahani juu ya kitambaa kilichokunjwa mpaka kitambaa kisilowe tena. Mara tano, si nne. Mpaka leo nikiosha vikombe nyumbani huvigonga, na mke wangu amezoea.

Kulikuwa na mambo mengine mawili aliyoyafanya ambayo wakati ule niliyaona ni ushamba. La kwanza, kila boksi jipya likifika, hata kama ni la aina ile ile, alikaa na kusoma karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani yake, mstari kwa mstari, akiweka rula chini ya maneno. La pili, hakuridhika na "ipo" na "haipo." Alikuwa na daftari kubwa la mistari, na humo aliandika namba yenyewe ya kila mtu kama mashine ilivyoitoa. Mimi niliona ni kazi ya kujichosha. Kama kitabu cha hospitali kinataka neno moja, namba ya nini?

Sasa nije kwa Mwalimu Nzioka.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule Kivaa, mrefu, mwembamba, mtu wa kusalimia kila mmoja chumbani kabla ya kuketi. Alitoka kwenye vumbi lote lile lakini viatu vyake viling'aa. Nadhani alikuwa na kitambaa mfukoni. Damu yake ilikuwa ya kundi O hasi, ambalo ni adimu kwetu, na alikuwa amekwisha kuichangia hospitali mara kadhaa, zamani kabla hatujapata kipimo cha aina ya C. Tulikuwa na kijitabu cha watu kama yeye. Tukiwahitaji tuliwapelekea ujumbe, nao walikuja.

Wiki moja tulimhitaji kwa ajili ya msichana aliyeitwa Mwende, fundi wa kushona nguo hapa mjini. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, ametokwa na damu kwa wiki nyingi, na alipofikishwa kwetu viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Naye alikuwa O hasi. Daktari Mulwa, mpasuaji wetu, alisema hawezi kumgusa bila damu mkononi. Mwalimu alipata ujumbe, akaja, akatoa mfuko mmoja wa damu alasiri, akalala kwa ndugu yake mjini ili apumzike.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilipima damu yake pamoja na za wengine. Nikaosha mara tano. Mashine ikatoa namba, nikaangalia ya Mwalimu, iko chini ya mpaka. Nikaandika "haipo" kwenye kitabu, nikaweka sahihi, nikaanza kutayarisha mfuko upelekwe chumba cha upasuaji. Madam Syombua alikuwa ananakili namba kwenye daftari lake. Kalamu ikasimama.

"Kioko, hii umeisoma ama umeiandika tu?"

Nikamwambia nimeisoma, na iko chini ya mpaka.

"Ni kweli. Na hizi zingine ziko wapi?"

Nikainama kuangalia. Namba za wachangiaji wengine wote zilikuwa zimejikusanya kule chini kabisa, zimefanana kama mbegu za gunia moja. Ya Mwalimu Nzioka ilikuwa imepanda peke yake, ikasimama karibu na mpaka bila kuufikia. Kisima chenyewe, ukikiweka juu ya karatasi nyeupe, kilikuwa na umanjano hafifu sana, ambao mtu mwenye haraka angesema ni macho yake.

Hakunigombeza. Alirudia kipimo yeye mwenyewe, kwa visima viwili badala ya kimoja, na wakati kikisubiri kwenye joto akaenda kuongea na Mwalimu, aliyekuwa amekuja kuuliza hali ya msichana. Walikaa kwenye benchi la nje. Nilimsikia akimuuliza kama aliwahi kuugua ugonjwa mkubwa. Mwalimu alisema hapana, ila alipokuwa kijana alishikwa na kala-azar, ule ugonjwa wa kuvimba wengu, na akadungwa sindano kila siku kwa wiki kadhaa. Akaeleza, bila uchungu wowote, jinsi walivyopanga foleni asubuhi, watu wengi na sindano moja, ikichemshwa pale ambapo kulikuwa na muda wa kuichemsha. Alisema ile sindano ilimwokoa, na anawashukuru waliomdunga.

Madam Syombua alirudi ndani, akaniambia sindano moja kwa watu wengi inaweza kuhamisha kirusi. Namba zikatoka: visima vyote viwili, mahali pale pale, karibu na mpaka.

"Makosa ya mkono hayarudi mahali pamoja mara tatu," akasema. Akachukua mfuko wa Mwalimu, akaufunga utepe mwekundu, akauweka rafu ya chini ya friji.

Ilikuwa saa nne hivi. Daktari Mulwa alikuja mwenyewe, na viatu vyake vya mpira vya chumba cha upasuaji, kwa sababu Mwende alikuwa ameanza kutokwa na damu tena. Alikuwa daktari mzuri, sitaki mmwone vibaya. Aliuliza kipimo kimesema nini. Madam akamwambia kimesema hana.

"Basi nipe damu."

"Kipimo kimesema hana, daktari. Mimi sijasema."

Daktari alivuta pumzi. Akasema jambo ambalo mpaka leo sijui ningelijibu vipi ningekuwa peke yangu. Alisema huyu msichana anaweza kufa leo kwa kukosa damu. Homa ya ini, hata kama ipo, itamchukua miaka ishirini kumdhuru. Nani ana haki ya kumnyima leo kwa ajili ya kesho hiyo ya mbali?

Madam Syombua hakubishana. Alikubali kwamba ni kweli. Akamwomba ampe muda hadi saa tisa.

"Saa tisa ikifika kama sina nyingine, chukua hii," akasema, akionyesha friji. "Na nitaandika kwa mkono wangu kwamba nilikupa nikijua."

Daktari akaangalia saa, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwa mgonjwa wake.

Kwenye kijitabu chetu kulikuwa na jina moja tu lingine lililoweza kufikiwa siku hiyo: Mama Wanjiru, mfanyabiashara wa mitumba soko la Tala, mzaliwa wa Murang'a aliyekuwa ameishi upande wetu mpaka akawa anatania kwa Kikamba. Simu za mkononi hazikuwepo. Tulipiga simu kwenye duka la vyuma lililopakana na soko, tukamwomba mwenye duka amwambie Mama Wanjiru asiondoke. Nami nikapanda Landrova ya hospitali na dereva.

Ilikuwa siku ya soko. Nilimkuta amesimama juu ya stuli katikati ya rundo la makoti, anaita wateja. Nikamweleza kwamba kuna msichana anahitaji damu, kwamba tuna saa chache, na kwamba hata tukifika lazima tumpime kwanza. Akauliza ni msichana wa nani. Nikasema mimi simjui.

"Hata mimi simjui," akasema, akishuka kwenye stuli. "Twende."

Akamwachia jirani yake rundo lote, akafunga kitambaa kichwani vizuri, akaingia garini. Njia nzima aliniuliza habari za mashine zetu, kama zinaumwa na baridi ya friji.

Tulimaliza kumtoa damu saa saba kasorobo. Kipimo kinachukua zaidi ya saa mbili, na hapo ndipo nilipopata funzo ambalo nataka mlishike hata mkisahau mengine yote. Nilitaka kupunguza dakika. Hatua ya kwanza inataka saa nzima kwenye joto. Nikafikiri dakika arobaini na tano si mbaya sana. Madam Syombua aliufunika mkono wangu uliokuwa ukielekea kwenye mlango wa kabati la joto. Tulikaa, yeye na mimi, na ile dakika ya arobaini na sita ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Tala. Aliosha yeye. Mara tano. Akagonga. Hata kwenye ile haraka, mikono yake haikuongeza mwendo.

Saa tisa kasoro dakika kumi rangi ilikuwa tayari. Kisima cha Mama Wanjiru kilikuwa maji, na namba yake ilikuwa kule chini kabisa pamoja na za wengine. Vipimo vingine vilikuwa safi. Daktari Mulwa alikuwa amesimama mlangoni, akaupokea mfuko kwa mikono miwili. Siku ya tatu baada ya upasuaji, Mwende alikuwa ameketi kitandani anamwambia nesi kwamba shuka za wadi zimepindwa vibaya. Tukajua amepona.

Mfuko wa Mwalimu ukabaki kwenye friji na utepe wake. Sampuli yake tuliipeleka Nairobi, kwenye maabara ambako Madam Syombua alimjua mtu aliyekuwa na vipimo vya mtengenezaji mwingine, vya mtindo mpya. Jibu lilipokuja halikuwa na utata. Kipimo kile kingine kilikuwa kimegeuka manjano iliyokoza. Mwalimu Nzioka alikuwa na kingamwili za homa ya ini aina ya C, tena nyingi.

Nilikasirika. Nilisema zile boksi ni takataka na zirudishwe. Madam Syombua akaniambia nikae, akatoa kiondo chake.

"Ukiangalia kitako cha kiondo," alisema, akakigeuza, "sisi wote tunakianza hivi. Mama yangu, jirani yangu, mimi. Huwezi kujua ni cha nani. Lakini panda huku ubavuni, kila mtu na maua yake. Sasa mtu akikuambia umtafutie kiondo sokoni, na amekuonyesha ua moja tu la ubavuni, kiondo chenye ua lingine utakipita."

Ndivyo ilivyo kwa kirusi hiki. Kinabadilika sana kinapozaliana, na kwa muda mrefu kimegawanyika katika aina kadhaa kubwa zinazotofautiana. Kuna sehemu zake, hasa zile za kiini, ambazo hubaki karibu sawa katika aina zote. Kuna sehemu nyingine zinazotofautiana mno. Vipimo vya kwanza kabisa vilitengenezwa kutokana na aina ya kwanza, iliyoenea nchi za mbali, na kipande kilichobandikwa kwenye visima kilikuwa cha sehemu ile inayobadilika. Mtu mwenye aina nyingine ana kingamwili, tena nyingi, lakini zimefundishwa kutambua ua lingine. Zikifika kisimani zinashika kwa ncha za vidole, na maji ya kuoshea yanazichukua. Vipimo vilivyofuata viliongezwa vipande vya kiini na vinginevyo, ndiyo maana vilimwona Mwalimu. Kipimo cha kwanza hakikuwa cha uongo. Kilijibu vizuri swali ambalo kwa Mwalimu halikuwa lake.

Madam aliyapata haya kwa ile rula yake. Karatasi ya maelezo ilikuwa inasema wazi, kwa herufi ndogo, vipande vilitoka wapi. Mimi nilikuwa nimefungua boksi nyingi za aina ile na sikuwahi kuifikia aya hiyo.

Sitaki mwende upande wa pili sasa mkaanza kuogopa kila umanjano. Hilo nalo nililifanya. Baada ya habari ya Mwalimu niliona ugonjwa kila mahali, na siku moja nilitaka kumwita mama mmoja wa kwaya ya kanisa, aliyekuja kuchangia damu, nimpe habari mbaya kwa sababu kisima chake kimevuka mpaka kidogo. Madam alinizuia mlangoni. Damu za watu wa huku, alisema, zimepigana na mengi, malaria na minyoo na mengineyo, na wakati mwingine hunata pasipo sababu. Tulirudia, tukapeleka Nairobi, na yule mama hakuwa na kitu. Angekuwa amelia bure. Namba inayokaribia mpaka, iwe chini au juu, ni mtu aliyebisha hodi. Humfukuzi na humkaribishi kitandani. Unafungua mlango uone ni nani.

Madam Syombua aliwaandikia watengenezaji barua. Aliiandika mara tatu, kwa mkono, mimi nikaipiga chapa. Hakulalamika, aliwaambia alichokiona, namba kwa namba, na akawauliza swali moja la mwisho: wagonjwa waliotumika kujaribu kipimo walitoka wapi? Niliamini hawatajibu. Walijibu baada ya miezi, kwa heshima kubwa, wakiomba sampuli zaidi kama wenyewe wataridhia. Mwalimu aliridhia kabla hatujamaliza kumweleza. Sampuli yake ilipita Nairobi ikaenda ng'ambo, na miaka michache baadaye tukaambiwa kirusi chake ni cha aina ya nne, ile inayoonekana sana upande wetu huu wa Afrika. Miaka ya elfu mbili ilipoanza, boksi zilizokuwa zikitufikia zilikuwa na vipande vya sehemu nyingi, na karatasi ya maelezo iliorodhesha aina ambazo zimejaribiwa, ya nne ikiwemo. Sisemi ni kwa sababu ya barua ya Machakos. Wataalamu wengi waliliona jambo hilo. Nasema tu kwamba mmoja wao alikuwa na miwani ya kufungwa uzi.

Alistaafu kabla yangu. Alinikabidhi daftari na rula, akaenda kwake. Daktari Mulwa ndiye aliyeomba kumbebea sanduku lake hadi langoni.

Lakini nimewaruka siku ambayo Mwalimu aliambiwa.

Tulimwita baada ya jibu la Nairobi. Daktari wa kliniki alimweleza kwa upole: ini lake bado lina nguvu, aache pombe kabisa, aje kuangaliwa kila baada ya miezi michache, asichangie damu tena. Dawa za wakati ule zilikuwa sindano za muda mrefu na hazikufika hospitali kama yetu. Alisikiliza yote kama mtu anayepokea ratiba ya mitihani. Alikuwa hanywi, akasema, kwa hiyo hilo ni jepesi. Kisha akamgeukia Madam Syombua.

"Na wale niliowapa zamani?"

Nilikuwa nikiomba asiulize. Madam alikuwa amekwisha kulitafuta jibu. Alikuwa amepekua vitabu vya miaka ya nyuma vya chumba cha damu, vingine vimeliwa na mchwa, akapata majina matatu. Mmoja alikuwa amefariki kwa ajali muda mrefu baadaye. Mmoja alihama, na hatukumpata kamwe. Hilo bado linanisumbua. Wa tatu alikuwa mkulima wa kahawa Kangundo, Mzee Kilonzo. Mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa umempondea paja, akaletwa kwetu karibu hana damu mwilini. Daktari wa kliniki alikwenda kwake pamoja na Madam, wakamweleza, wakamwomba apimwe. Alikuwa na kirusi hicho.

Majina ya wachangiaji ni siri, nanyi mnajua hivyo. Madam hakulitaja la Mwalimu. Lakini Mwalimu aliomba kwa maandishi mzee apelekewe ujumbe kwamba yule aliyetoa damu anataka kumwona, kama mzee hatajali. Mzee akajibu kwamba hajali. Tulikwenda watu watatu, Mwalimu, Madam na mimi, Jumamosi moja asubuhi, tukaanza kupanda vilima vya Kangundo. Hapo Mwalimu akaniuliza kama mzee ana watoto wadogo. Nikasema sijui.

Mzee Kilonzo alikuwa uani, anaanika kahawa. Alichechemea akaja kutupokea. Mwalimu Nzioka alisimama wima mbele yake, akavua kofia, akajitaja jina. Akasema ni yeye aliyempa ule ugonjwa, kwamba hakujua, na kwamba amekuja kwa sababu kutokujua si sababu ya kutokuja.

Mzee alimtazama. Kisha akageuka, akaita majina matatu kwa sauti. Wakatoka wasichana wawili na mvulana, wamevaa nguo za kazi, mikono imejaa maganda ya kahawa. Mkubwa wao huenda alikuwa na miaka tisa.

"Siku ule mkokoteni uliponilalia, hawa hawakuwa wamezaliwa," Mzee Kilonzo alisema. "Hesabu vizuri, mwalimu. Kile ulichonipa cha kwanza ni hawa."

Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja. Alikaa chini pale pale, kwenye ukingo wa turubai la kahawa, na mzee akakaa kando yake, polepole, kwa sababu ya paja. Madam Syombua aliondoa miwani yake, akaipangusa, akasahau kuivaa tena.

Baadaye walituletea chakula. Tangu mwezi uliofuata, na kwa miaka yote niliyobaki kazini, Mwalimu na mzee walikuja kliniki siku zile zile, pamoja. Mwalimu alitangulia kufika kutoka Kivaa, akashika nafasi kwenye foleni, na mtu akitaka kukaa kwenye kiti cha pili alimwambia kwa heshima kwamba kina mwenyewe.